Mume wangu anataka mgawo wangu wote wa VICOBA akanunue mabelo kabla ya Julai

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, tumepanga vyumba viwili Mbagala. Mume wangu anauza mitumba pale Karume, Ilala, hasa mashati ya kiume na jinzi. Mimi nakaanga vitumbua asubuhi nje ya nyumba tunayokaa, na jioni nauza mihogo ya kukaanga na kachumbari. Mume wangu hanipigi na sijawahi kumshuku kwa wanawake. Nimeanza na hilo kwa sababu najua wasomaji watakimbilia kusema "achana naye". Sitaki kuachana naye. Shida yangu ni hela.

Mwisho wa mwezi huu kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana, kinamaliza mzunguko na tunagawana. Hesabu ya mweka hazina inaonyesha nitapata kama milioni moja na laki nne. Hisa zote nimenunua kwa hela ya vitumbua, nyingine nimenunua wiki ambazo nilikuwa nimekopa unga dukani. Hela hiyo nilishaipangia kazi. Binti yetu mkubwa amefaulu kidato cha nne, tunasubiri apangiwe shule ya kidato cha tano, aripoti Julai. Ada serikali imefuta, lakini aliyewahi kuishika ile fomu ya kujiunga anajua kilichomo: tranka, godoro, mashuka, ndoo, sare, viatu jozi mbili, madaftari, michango, na nauli kama atapangiwa Songea au Kagera. Kitakachobaki nilitaka ninunue jiko kubwa la gesi na dumu la mafuta, niachane na kununua mafuta kwa kipimo.

Mume wangu anaitaka yote. Sokoni wanaambiana kwamba bajeti ya mwezi wa sita itapandisha ushuru wa mitumba, na atakayekuwa na mabelo, yale marobota ya mitumba, ndani kabla ya Julai ndiye atakayekula. Anasema hela yangu itatoa mabelo matatu mazuri. Anasema ni mkopo, mwezi wa tisa atanirudishia na faida juu. Nikamuuliza, na mtoto akitakiwa kuripoti mwezi wa saba? Akanijibu, "Mtoto wa nani aliyewahi kukaa nyumbani kwa kukosa tranka?" Sikuwa na la kusema.

Lakini Shangazi, kinachonitia uzito kumpa si tranka peke yake. Ananiachia elfu kumi ya matumizi kila asubuhi, juu ya kabati la vyombo. Ni elfu kumi ileile tangu mwaka 2022. Tupo watu watano, na mdogo wake anakuja kula kwetu siku nyingi tu. Nikimwambia haitoshi, ananiambia sijui kupanga, au natuma kwetu Singida. Mwezi uliopita tulikuwa tunasikiliza taarifa ya habari, wakasema mfumuko wa bei ni asilimia tatu na kitu. Akanigeukia, "Umesikia? Asilimia tatu. Elfu kumi ikipanda asilimia tatu ni elfu kumi na mia tatu. Wewe unataka elfu kumi na tano." Kesho yake asubuhi akaweka elfu kumi, na juu yake akapanga sarafu, mia mbili na mia moja. Watoto wanaangalia. Niliingia chumbani nikalia.

Elfu tano inayopungua naiziba mimi. Bei ya kitumbua sijapandisha kwa sababu mwenzangu wa mtaa wa pili naye anakaanga, nikipandisha nimekwisha. Nilichofanya nimebadilisha upawa. Wa zamani nimeuweka kabatini, sasa namimina kwa kijiko kikubwa cha wali, nacho sikijazi. Wateja wanaona, hawasemi, ila waliokuwa wananunua vinne sasa wananunua vitatu. Mafuta ndiyo yananiua. Halafu baba yangu analima alizeti huko Iramba. Ule mwaka mafuta yalipopanda sana nilikuwa nahangaika hapa, yeye ananipigia simu ana furaha kwamba amepata bei.

Nisipompa mume wangu, amesema atakwenda kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. "Usiponipa wewe wapo watakaonipa." Nyumba ya tatu kutoka kwetu walibebewa friji na makochi mchana kweupe, kwa hiyo najua anachosema. Mama mkwe amenipigia ananiambia mke ndiye anayemwinua mume. Rafiki yangu wa kikundini anasema nimwambie nimepata laki saba, nimpe hizo, nyingine nifiche kwa dada yangu. Siwezi kusema sijalifikiria.

Ni lazima niseme pia kwamba mtaji wake uliungua kwenye moto wa soko la Karume Januari 2022, na tangu hapo hajasimama vizuri. Namwonea huruma. Lakini nikikumbuka zile mia tatu, huruma inaisha. Nimpe yote, nimnyime, au nifiche nusu?

Mama wa Vitumbua, Mbagala


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole. Zile mia tatu zimeniuma hata mimi niliyezisoma tu kwenye karatasi. Sitazipunguza uzito kwa kukwambia mumeo alikuwa na mawazo. Mtu anaweza kuwa na mawazo na bado asimhesabie mke wake sarafu mbele ya watoto.

Umeniuliza habari ya mgawo, na nitafika huko. Lakini barua yako imebeba maswali mawili, na hilo la pili ndilo linalofanya la kwanza liwe gumu. Hapo nyumbani kwenu kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ndiye aliyepandisha bei. Elfu kumi ikiisha saa sita, yeye anaona mke asiyejua kupanga. Mume akisema hana zaidi ya hiyo, wewe unaona mume bahili. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo mmoja wenu amemweleza mwenzake ananunua kwa shilingi ngapi na kuuza kwa shilingi ngapi, na sijapaona. Kwa hiyo niruhusu nizungumze kwanza kuhusu bei zenyewe, kwa sababu nahisi zimewagombanisha watu wawili ambao hawakuzipanga.

Tuanze na asilimia tatu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu haisemi uongo, na mumeo hakusikia vibaya. Ila takwimu ile inapima kapu la nchi nzima: kodi ya nyumba, simu, samani, nguo, nauli, matibabu, kila kitu. Chakula ndani ya kapu hilo ni chini ya theluthi moja. Kapu lako wewe mwanangu karibu lote ni chakula na mkaa, kwa hiyo bei ya mafuta au mchele ikiruka, wewe unaumia kuliko wastani wa taifa unavyoonyesha. Halafu, asilimia tatu ni ongezeko la mwaka mmoja tu, na la kila mwaka linakaa juu ya lile lililotangulia. Mfumuko ukitulia maana yake bei zinapanda polepole. Hazijarudi zilikokuwa. Hata ukimpa mumeo hesabu yake mwenyewe, asilimia tatu kila mwaka, elfu kumi ya mwaka 2022 inatakiwa iwe imefika kama elfu kumi na mia tisa baada ya miaka mitatu. Zile mia tatu alizokuwekea ni za mwaka mmoja. Miaka mingine aliiruka. Na huo ni wastani wa kila kitu, hatujagusa karai lako.

Mafuta uliyoyataja yana habari ndefu, na baba yako yumo ndani yake. Sehemu kubwa ya mafuta tunayokaangia mjini bado ni mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Bajeti ya mwaka 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ya kula yaliyosafishwa hadi asilimia 35 na yale ghafi hadi asilimia 25, kusudi mkulima wa alizeti wa Singida na Dodoma asiuliwe na mafuta ya bei rahisi ya nje. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ikakausha alizeti ya huko kwenye soko la dunia, na Indonesia nayo ikazuia kuuza mawese nje kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei. Ule ndio mwaka uliokuwa unahangaika wewe na baba yako anafurahi. Wala usimwonee donge, kwa sababu bei ikimwangukia yeye, wewe ndiye utakayetumiwa ujumbe wa kuomba hela ya mbegu. Nimelileta hili ili uone kwamba ushuru uleule umemlinda baba na kumbana binti, na hakuna kati yenu aliyemkosea mwenzake.

Sasa nenda upande wa mumeo, ambao nahisi huujui sana. Kwa kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki nguo za mitumba zinatozwa ushuru wa asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kilo, inachukuliwa ile iliyo kubwa. Hizo senti 40 zilitoka senti 20 mwaka 2016. Chukua belo la kilo 45. Kwa senti 40 kwa kilo, ushuru ni dola 18. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu na shilingi 2,300, kwa hiyo ushuru wa belo hilo ulikuwa kama shilingi 41,400. Katikati ya mwaka 2024 dola ilikuwa imepita 2,600, na dola zilezile 18 zikawa zaidi ya shilingi 46,800. Hakuna waziri aliyesimama bungeni kupandisha chochote, lakini belo limeongezeka zaidi ya elfu tano kwa ushuru peke yake. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya thamani pamoja na huo ushuru, kwa hiyo nayo inavimba. Thamani yenyewe inalipwa kwa dola. Juu yake weka faida ya mwenye kontena na ya muuzaji wa jumla, ndipo belo lifike mikononi mwa mumeo. Shilingi inapata nafuu baadhi ya miezi, lakini sijamwona mfanyabiashara wa jumla anayekimbilia kushusha bei siku hiyo.

Halafu kuna mteja. Anayenunua shati Karume ndiye huyohuyo anayenunua kitumbua Mbagala. Mafuta yakipanda, nauli ya daladala ya masafa mafupi ikitoka 500 kuwa 600 kama ilivyokuwa Desemba 2023, mteja anakula kwanza. Shati linasubiri. Ulivyobadilisha upawa wewe, huenda naye mumeo anauza shati lilelile kwa faida ya mia tano ambayo zamani ilikuwa elfu mbili, na hajakwambia, kama ambavyo wewe hujamwambia kuhusu kijiko cha wali.

Ndiyo maana nataka nikuulize bila kukulaumu: una uhakika anazo zaidi ya hiyo elfu kumi na anakunyima? Inawezekana kabisa. Wapo wanaume wa hivyo na nimewajibu hapa. Lakini inawezekana pia kwamba elfu kumi ndiyo kila kitu, na mwanaume aliyepoteza mtaji kwenye moto akaona ni heri aitwe bahili kuliko kusema "sina". Mambo hayo mawili ukiwa nje yanafanana kabisa. Ukishayatofautisha, hata uamuzi wa mgawo utabadilika.

Swali langu jingine ni kuhusu wewe mwenyewe. Hela ya mumeo umeiita mtaji. Ya kwako umeiita ya kuziba. Ukisoma barua yako mwenyewe utaona vitumbua vinatoa karibu theluthi ya chakula cha nyumba hiyo, vimenunua hisa za mwaka mzima, na ndivyo vitakavyompeleka binti shule. Na unanunua mafuta kwa kipimo, jambo ambalo kila mama lishe anajua ndiyo njia ghali kuliko zote ya kununua mafuta. Anayenunua dumu la lita 20 analipa kidogo kwa kila lita kuliko wewe. Je, umewahi kukaa ukapiga hesabu kwamba laki tatu ikiingia kwenye vitumbua itazaa nini, ukalinganisha na laki tatu ikiingia kwenye belo? Sijui jibu litakuwa nini. Ila nashangaa kwamba hapo nyumbani hakuna aliyewahi kuuliza, hata wewe.

Haya, tuje kwenye tetesi za Julai. Mumeo hajazibuni. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana Arusha kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu ili viwanda vya nguo vya kwetu vipumue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nchi zetu zikatishiwa kuondolewa kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishwa manufaa hayo kwa upande wa nguo. Tanzania ilirudi nyuma, na ndiyo maana Karume ipo. Kwa hiyo kila Mei maneno haya yanaamka, na mwaka wowote yanaweza kuwa kweli. (Kama sokoni wanayachanganya na ushuru aliotangaza Rais Trump Aprili 2025, huo ulikuwa wa kulipwa na wanaoingiza bidhaa Marekani. Haukuwa wa kutozwa belo linaloshuka bandari ya Dar es Salaam.)

Tuchukulie basi kwamba ushuru unapanda kweli tarehe 1 Julai. Nani anafaidika? Kwanza ni mwenye makontena. Muuzaji mwenye mabelo matatu atayauza Julai na Agosti, miezi ambayo soko zima bado lina mzigo wa ushuru wa zamani, kwa sababu kila mtu alisikia tetesi zilezile na kila mtu alinunua. Bei ya shati haitaruka asubuhi ya Julai mosi. Inawezekana ikapanda Oktoba, mzigo wake ukiwa umeshakwisha. Na tetesi zenyewe zinapandisha bei ya belo mwezi Mei na Juni, maana wauzaji wa jumla nao wana masikio. Halafu belo halifunguliwi dukani. Unalipa, unabeba, unafungua, ndipo unajua umepata mashati ya kuvaa ofisini au kola zilizochanika. Haya mumeo anayajua kuliko mimi, na mngeyazungumza angekuwa na majibu mazuri tu. Pengine ana mtu anayemwamini wa kumpa mzigo. Muulize.

Ukimpa yote, faida yake ni kwamba utakuwa umemwonyesha imani wakati ambao pengine haioni popote, na biashara inaweza kuamka. Hatari yake umeshaiona: fomu ya kujiunga haisubiri Septemba. Mabelo yakiwa mabovu mtakuwa mmepoteza mtaji, maandalizi ya shule na amani kati yenu, hasara iliyo mbaya zaidi, kwa sababu utamkumbusha kila siku hata kama hutafungua mdomo.

Ukimnyima, unaogopa kausha damu, na una haki ya kuogopa. Lakini akikopa, huo utakuwa uamuzi wake, hata kama mama mkwe atasema vingine. Kitu cha kumwomba ni kwamba kama ni lazima akope, akope kwa mwenye leseni ya Benki Kuu. Kanuni za huduma ndogo za fedha zimeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa aina hiyo. Kwenye laki tano hiyo ni shilingi 17,500 kwa mwezi. Wa kausha damu akichukua asilimia 20, ni laki moja. Na asikimbilie mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Wewe kwa upande wako usitoe kitambulisho wala saini kwa mkopo ambao hujausoma, na vyombo vyako vya biashara visiandikwe dhamana. Hilo unaweza kulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, mapema.

La kuficha nusu. Sikuiti mwongo mwanangu. Wanawake wameficha hela kwa ajili ya watoto tangu enzi za bibi zetu, na watoto wengi wamesoma hivyo. Nakuuliza tu kama siri ya kikundi kizima inaweza kukaa Mbagala. Kila mwanachama anajua hisa za mwenzake, vitabu vinasomwa kwa sauti. Mumeo amekuwa akikushutumu bila ushahidi kwamba unatuma hela kwenu. Siku akigundua laki saba zipo kwa dada yako, atakuwa ameupata. Kama bado utaona ndiyo njia pekee ya kumlinda binti, nitakuelewa, ila ujue unanunua kwa bei gani.

Kuna njia ya katikati ambayo hujaitaja. Unatenga kwanza vya binti, vinatoka mezani kabla ya mjadala wowote. Kinachobaki, sehemu inaingia kwenye vitumbua, na sehemu unaiweka kwenye belo moja kama mshirika, si kama mkopeshaji. Unakwenda naye siku ya kufungua, mnahesabu mashati pamoja, mnaandika. Likiwa bovu, mmeliona wote wawili. Njia hii nayo ina miiba. Anaweza kuona unamlinda kama mwizi, na wenzake sokoni watamtania kwamba mkewe ndiye mwenye belo. Wapo wanandoa ambao hesabu za pamoja ziliwamaliza. Na kuna hatari nyingine siwezi kuinyamazia: akishajua vitumbua vinaingiza kiasi gani, anaweza kuipunguza hata hiyo elfu kumi. Wewe ndiye unayemjua. Kama unaona atafanya hivyo, basi tatizo lenu ni kubwa kuliko mgawo, na ningependa mkae na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Mama mkwe asiwe peke yake.

Mkopo wa halmashauri nautaja kwa kifupi, kwa sababu hautawahi Julai. Asilimia kumi ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wanawake wakipata asilimia nne kati ya hizo kumi. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Wenzako wa VICOBA mnaofahamiana kwa kazi mnaweza kwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize masharti. Ni mtaji ambao mumeo hana neno nao.

Kuhusu mazungumzo yenyewe, nisingeanza na bei ya mafuta. Ameshaizoea, akiisikia anajikunja. Ningeanza na belo. "Baba fulani, belo la mashati mwaka 2022 ulikuwa unalinunua shilingi ngapi? Leo je?" Mwache aseme, usimkatize, hata akianza kulalamika na kutaja vitu usivyovielewa. Mtu aliyeeleza kwa mdomo wake mwenyewe jinsi belo lilivyopanda hupata shida kusema mafuta hayajapanda. Ndipo umwambie kuhusu kijiko cha wali. Na zile mia tatu mwambie pia, wakati wowote utakapoona anaweza kusikia, kwamba zilikuumiza na kwamba watoto waliziona. Usimwachie akisie.

Siku ya mgawo usirudi na bahasha nyumbani. Hela iwe imeshaingia benki au kwenye simu yako, ili msifanye uamuzi huku noti ziko mezani. Hotuba ya bajeti husomwa katikati ya Juni, kwa hiyo kusubiri wiki mbili tatu si kumnyima, na unaweza kumwomba hivyo waziwazi. Wakati mnasubiri, mtume binti akaazime fomu ya kujiunga ya mwaka jana kwa mtoto wa jirani yeyote aliye kidato cha tano, apite nayo madukani Rangi Tatu, aandike bei ya leo mbele ya kila kitu: tranka, godoro, viatu, ndoo. Ana umri wa kutosha kwa kazi hiyo, na pengine baba yake atamsikiliza yeye akiisoma.